Sindano na Watu wa Ijumaa

Wagdi Zeinhom hakuwa na mbio, na hakuna aliyelijua hilo kuliko yeye mwenyewe. Mtaani kwao Arbaini, mjini Suez, walipokuwa wakicheza mpira wa matambara nyuma ya kinu cha unga, rafiki yake Shawki alikuwa akimpita kama upepo unavyompita mtu aliyeketi. Shawki alikuwa mwana wa Badawi, muuza taamia, zile bajia za maharage ambazo nusu ya Arbaini walifungulia kinywa kila asubuhi. Alikuwa na miguu myepesi na ulimi mwepesi zaidi. Lakini Wagdi alikuwa na jicho. Alijua Shawki anataka kwenda wapi kabla Shawki mwenyewe hajajua, na mpira ukimtoka mguuni ulimkuta mwenzake hatua moja mbele, umetulia, kama mtu aliyetangulia kumwekea nafasi.

Kapteni Aziz Gerges ndiye aliyewaokota wote wawili. Mchana alikuwa karani wa forodha, jioni kocha wa timu ya Taufiki, na huko kocha huitwa kapteni. Mtu mfupi, masharubu yamepinda kama ndoana, kifua kinakoroma kwa sigara. Alimtazama Wagdi akicheza kwa dakika kumi tu, akamgeukia msaidizi wake.

"Huyu hapigi pasi," akasema. "Huyu anatunga uzi kwenye sindano."

Mama yake Wagdi, Bi Karima, alikuwa mjane na mshona nguo, kwa hiyo jina likanata siku ileile. Sindano. Watani wakasema mama anashona magauni na mwana anashona mabeki.

Alikuwa na miaka kumi na saba alipoambiwa ataanza kwenye timu ya wakubwa. Mama akaipunguza jezi mabegani, akaipiga pasi, akaitundika nyuma ya mlango ikisubiri Ijumaa ya mechi. Hiyo ilikuwa Juni ya mwaka sitini na saba. Jumatatu ya wiki ile vita vikaanza, na ilipofika Ijumaa hakukuwa na mtu anayezungumza habari za mpira. Adui alikuwa ng'ambo ya mfereji, karibu kiasi kwamba mtu mwenye macho mazuri angeweza kuhesabu nguo zao kwenye kamba. Mizinga ikawa inapigwa, nyumba zikawa zinaanguka, na baada ya mji kuonja moto miezi kadhaa serikali ikasema: hameni.

Bi Karima na mwanawe walipelekwa Zagazig, wakapewa nusu ya darasa katika shule ya msingi. Nusu ya pili walikaa watu wengine wa Suez, na katikati likaning'inizwa blanketi. Cherehani alikuwa ameibeba Wagdi kichwani tangu stesheni. Wenyeji hawakuwa wabaya, lakini waliwaita "wahamishwa", na neno lenyewe lilikuwa linauma hata likitamkwa kwa upole. Wagdi akapata kazi ya kupakia magunia sokoni. Jezi ikabaki imekunjwa chini ya godoro, haijaguswa na jasho.

Miezi minane ikapita hivyo. Kisha alasiri moja, Wagdi akiwa uani anamsaidia mama yake kuanika nguo, akasikia kikohozi anachokijua.

"Sindano! Umekonda kweli wewe."

Alikuwa Kapteni Gerges, viatu vimejaa vumbi, mkoba begani.

"Kapteni! Nani amekuambia tuko hapa?"

"Nilifika Zagazig sijui pa kuanzia. Nikauliza: kuna mshonaji wa Suez anayelalamika kwamba chai ya hapa haina ladha? Watu watatu wakanionyesha njia."

"Na haina ladha kweli!" Bi Karima akasema kutoka nyuma ya shuka.

Kapteni Gerges akacheka mpaka akakohoa. Alikuwa ametumia wiki tano akizunguka: Tanta, Benha, Damanhur, vijiji vya Sharkia, akitafuta wachezaji wake mmojammoja. Kipa alikuwa anauza mikate Mansura. Beki wa kulia alikuwa amelala hospitali na homa ya matumbo. Shawki alikuwa Tanta kwa mjomba wake, anasubiri kuitwa jeshini.

"Ijumaa tunacheza Kairo," akasema. "Tumeazimwa uwanja mtaa wa Shubra. Panda treni ya asubuhi."

"Tunacheza na nani, Kapteni? Ligi imesimama. Na timu yenyewe haipo."

"Timu ipo. Imetawanyika tu."

Wagdi akamtazama mama yake. Bi Karima alikuwa tayari anakwenda kutafuta pasi ya mkaa.

Basi ndivyo zilivyoanza zile Ijumaa. Wachezaji walifika kila mmoja kwa treni yake, wakabadilisha nguo nyuma ya ukuta, wakacheza na timu yoyote iliyokubali kucheza nao: walimu, zimamoto, vijana wa viwandani. Mara ya kwanza walikuja watazamaji labda sitini. Mara ya tatu walikuwa mia saba. Kufikia majira ya baridi jukwaa la mbao halikutosha, watu wakawa wanakaa chini kuzunguka mstari, na karibu wote walikuwa watu wa Suez.

Ukweli ni kwamba wengi hawakuja kuangalia mpira. Waliletana habari: nani amezaa, nani amezikwa wapi, bomu la Jumanne limeangukia nyumba ya nani. Kina mama walikuja na sufuria za majani ya zabibu yaliyojazwa wali, wakapakuliana kama wako uani kwao. Mtu wa Bandari Taufiki alikuja na simsimia yake, kinubi kidogo cha watu wa mfereji, akazipiga nyuzi zile, na nyimbo za mfereji na makofi yake zikasikika katikati ya Kairo. Posa zililetwa palepale jukwaani. Wagdi mwenyewe alimwona Sabah pale, binti wa mwalimu mmoja wa Arbaini, amesimama juu ya tofali ili aone goli, akimtukana mshika kibendera kwa maneno ambayo baba yake hakumfundisha. Walioana mwaka wa pili wa Ijumaa hizo.

Bi Karima hakukosa hata moja. Aliketi na mama yake Shawki safu ya tatu, na kwa kuwa rafiki yake alipenda kukaa nyuma yake, penye kivuli, Bi Karima aliipa mgongo mechi tangu mwanzo hadi mwisho ili wazungumze ana kwa ana. Kipenga cha mwisho kikipigwa aligeuka, akauliza, "Tumeshinda?" Akiambiwa ndiyo, anasema "Alhamdulillahi." Akiambiwa hapana, anasema "Alhamdulillahi" vilevile, anaendelea na habari yake.

Wagdi aliyaona yote hayo akiwa katikati ya uwanja, maana kiungo ndiye anayetazama pande zote. Akagundua jambo. Mechi ikikaribia kwisha, hata Taufiki wakiwa wanaongoza, watu wa jukwaani hawakushangilia kutaka kipenga. Walinyamaza. Kipenga maana yake ni stesheni, na stesheni maana yake ni darasa lenye blanketi katikati. Hapo ndipo alipojifunza kukaa na mpira. Mwanzoni alikuwa mchezaji wa haraka wa kuachia; sasa akawa anautuliza, anaukanyaga, anaurudisha kwa beki, anaupokea tena, kama mtu anayemwongezea mgeni chai ili asiondoke.

Shawki alikuwa anachukia. "Wewe, unauatamia huo mpira? Nimekimbia mara tatu, umenitazama tu!"

"Ungekimbia mara ya nne ungepata."

"Mara ya nne ningekuwa nimefika Tanta."

Shawki alipoingia jeshini alikuja Ijumaa zile alizopewa ruhusa, akiwa na magwanda, buti zina mchanga wa mstari wa mbele. Alivua buti, akavaa njumu, akacheza, kisha akavaa buti na kurudi. Wagdi hakuitwa, mtoto wa pekee wa mjane haitwi. Jambo hilo halikuzungumzwa kati yao, lakini Wagdi alilibeba. Ijumaa ambazo Shawki hakuja, alicheza huku akiangalia lango la uwanja.

Mwaka wa sabini na mbili akaja mtu wa suti kutoka klabu kubwa ya Kairo. Hakuzungusha maneno. Walimtaka Wagdi, angepewa nyumba Heliopolis, simu, kazi ya mshahara. Wagdi akaipeleka habari Zagazig akijua, au akidhani anajua, mama yake atasema nini. Miaka minne ndani ya nusu darasa si mchezo.

Bi Karima alikuwa anatia uzi cherehanini. "Hiyo nyumba ina madirisha mangapi?"

"Manne, Mama. Ghorofa ya tatu. Upepo unaingia."

"Nikichungulia kwenye madirisha hayo manne, nitamwona nani?"

Wagdi akaokota kitambaa kilichoanguka chini, akakikunja.

"Sikuzuii, mwanangu. Nikikwambia baki, nitakuwa nimekufunga kamba. Nikikwambia nenda, nitakuwa nimesema uongo. Mimi mpira siujui. Ila ninyi mkiacha kucheza, na mimi sitamwona mama Shawki tena, wala mtu yeyote aliyelijua jina la baba yako."

Hakwenda. Watu walimsifu, wakasema ni mwana wa kweli wa Suez, na yeye akachukua sifa kwa kichwa kilichoinama. Lakini isidhaniwe kwamba ilikuwa rahisi. Kwa miaka mingi baadaye, redio ikianza kutangaza mechi ya klabu ile, Sabah alikuwa anasimama bila kuambiwa na kubadilisha stesheni.

Vita vya Oktoba sabini na tatu vilimkuta Shawki kwenye mfereji. Alivuka na wa kwanza, akarudi na chuma begani, na mkono wa kushoto haukuinuka tena kupita sikio. Suez ikazingirwa, ikavumilia, ikabaki. Ruhusa ya kurudi ilipotolewa, watu walirudi kwa malori, kwa treni, kwa punda, wakakuta barabara wanazozijua na nyumba wasizozijua. Nyumba ya Bi Karima ilikuwa na ukuta mmoja, na ukutani hapo kalenda ya mwaka sitini na saba.

Wagdi, Shawki na Kapteni Gerges walikwenda kwanza uwanjani. Nyasi zilikuwa zimekuwa vichaka. Goli moja halikuwepo. Katikati kabisa, ndani ya ule mduara, lilikaa gari la jeshi lililoungua, limezama nusu ardhini.

"Limekaa nafasi yako, Sindano," Shawki akasema.

"Acha likae. Lina mbio kuliko mimi."

Kapteni Gerges, ambaye hawakuwahi kumwona akilia, aliwageuzia mgongo, akajifanya anawasha sigara.

Wanajeshi wa mabomu wakapita kwanza na mashine zao. Kisha mji ukaingia. Wanaume walilivuta lile gari kwa kamba na trekta la kuazima. Wakafukia mashimo kwa udongo wa mashambani ulioletwa kwa mikokoteni. Lakini vipande vidogo vya chuma vilikuwa kila mahali kwenye mchanga, vikali kama wembe, na hapo ndipo kina mama walipokuja na nyungo zao. Walikaa chini kwa safu, wakapepeta ardhi ya uwanja kama wanavyochagua dengu, konzi kwa konzi, wakiimba, wakisengenya, wakitupa vyuma ndooni. Kazi hiyo ilichukua siku arobaini na mbili. Bi Karima alipewa eneo la penalti la upande wa bahari, na hadi anakufa aliliita "kwangu".

Mechi ya kwanza nyumbani aliketi safu ya tatu kama kawaida. Ila sasa mama Shawki alikuwa jirani yake tena, wanaonana kila asubuhi, hawana la kuzungumza ambalo haliwezi kusubiri. Kwa mara ya kwanza maishani mwake Bi Karima akautazama uwanja. Mechi ilipokwisha akamsubiri mwanawe langoni.

"Kumbe unacheza polepole hivi?"

"Mama! Miaka saba umekuja kila Ijumaa, hukuniona?"

"Nilikuwa na kazi."

Miaka iliyofuata ndiyo ambayo wazee wa Arbaini wakiitaja macho yanang'aa. Taufiki walipanda hadi daraja la kwanza, timu ya makarani na wapakia mizigo, wakakaa huko. Bega la Shawki halikuinuka lakini miguu ilikuwa ileile, na Wagdi hakuhitaji kuinua kichwa kumtafuta. Mabeki wa timu kubwa walilalamika kwamba wale wawili wana redio masikioni. Nusu ya mabao yote ya Taufiki misimu ile yalitoka kwenye mguu wa mmoja na kuingia kwenye mguu wa mwingine.

Goti la Wagdi lilikatika mwaka wa themanini na moja, katika mazoezi, bila kuguswa na mtu. Alikuwa na miaka thelathini na moja. Mwaka huohuo kifua cha Kapteni Gerges kikakataa kazi. Mzee akamwita nyumbani kwake, akamnyooshea kipenga.

"Kocha ni kiungo aliyenyang'anywa mpira," akamwambia. "Utaona kila kitu na hutagusa kitu. Uvumilivu, mwanangu."

Uvumilivu haukuwepo. Msimu wa kwanza Wagdi alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Hakuelewa vipi mtu mwenye macho mawili hauoni upenyo ambao yeye, akiwa nje ya mstari, anauona na goti bovu. "Mtazame Refaat anakimbilia wapi! Mtazame!" Wachezaji walimheshimu na kumwogopa, na mpira wao ukawa wa watu waoga. Wakashuka, wakashuka, hadi mechi ya mwisho wa msimu ikawa wanahitaji sare moja wasiteremke daraja.

Na Shawki, miaka thelathini na tatu, alikuwa amekwisha. Wagdi alilijua hilo mapema kuliko wote. Pasi zilianza kumkuta hatua moja nyuma, kisha mbili. Msimu mzima alikuwa amefunga mara mbili, moja kwa penalti. Benchi alikuwepo yule Refaat, kijana wa miaka ishirini, mbichi lakini ana moto.

Kumpumzisha Shawki ulikuwa uamuzi wa kocha, na ulikuwa sahihi. Kosa la Wagdi lilikuwa jinsi alivyoufanya. Usiku kucha alijiambia atakwenda kwake asubuhi. Asubuhi akajiambia atamwambia uwanjani. Uwanjani akaandika majina kumi na moja kwenye karatasi, akaibandika mlangoni mwa chumba cha kubadilishia nguo, akaenda kusimama kwenye nyasi kana kwamba anaangalia upepo.

Shawki aliisoma mara mbili. Akatoka nje, akamkuta Wagdi pembeni ya kibendera cha kona.

"Karani kakosea jina?"

"Hakukosea."

"Aliandika nani?"

"Mimi."

Shawki akamtazama. "Tangu kinu cha unga," akasema taratibu, "hukuwahi kunipa mpira wa mgongoni. Leo ndiyo umejifunza?"

Alivua jezi, akaikunja vizuri kama mtu anayeiweka sandukuni, akaiweka juu ya nyasi, akatoka kwa lango la nyuma. Taufiki walishinda bao moja, na aliyefunga ni Refaat. Jiji zima lilicheza barabarani. Wagdi alibebwa juujuu, na kutoka juu mabegani mwa watu aliliona duka la Badawi, mlango umefungwa.

Kwa miaka tisa hawakusemezana. Shawki akarithi duka la baba yake. Wagdi, ambaye nyumba yake ilikuwa hatua mia mbili kutoka pale, akawa anazunguka kupitia msikitini ili asipite mbele ya duka, na taamia akanunua mtaa wa pili, mbaya, zimejaa mafuta. Wake zao walisalimiana. Bi Karima aliendelea kwenda kwa mama Shawki kila siku kana kwamba hakuna lililotokea, na jioni moja, akiwa mzee, uzi haupiti tena tunduni, alimwambia mwanawe:

"Maisha yako yote ulijua kumwekea mpira pale alipo. Neno moja ndilo lililokushinda kumwekea?"

Bi Karima alifariki majira ya baridi yaliyofuata. Shawki alibeba jeneza upande wa bega zima, akaondoka bila kunywa kahawa ya msiba.

Lile neno la mama lilimbadilisha Wagdi kazini kabla halijambadilisha mtaani. Hakubandika tena karatasi. Aliyekuwa hachezi alimchukua kando, wakauzunguka uwanja kwa miguu, mzunguko mzima, akamweleza kwa nini. Wachezaji walikuja kuuogopa mzunguko ule. "Kapteni akikwambia tutembee," waliambizana, "kavae nguo za nyumbani." Lakini waliokwisha kutembezwa ndio waliompenda zaidi. Akapunguza pia kelele. Akagundua kwamba mchezaji asiyeuona upenyo haimsaidii kuambiwa "tazama". Inabidi umsimamishe pale ulipo wewe, umwache atazame mwenyewe. Akawa anasimamisha mazoezi, anamshika kijana mabega, anamgeuza taratibu. "Unaona nini?" Kisha anasubiri, hata dakika nzima.

Timu ilishuka daraja mwaka wa tisini na moja, hata hivyo. Fedha za wengine zilikuwa nyingi na vijana wazuri wakaondoka. Mwenyekiti akamwachisha kazi kwa barua ya shukrani. Wagdi akajikuta nyumbani, asubuhi hana pa kwenda, anamkwaza Sabah jikoni.

"Nenda ukanunue taamia," Sabah akasema.

"Nimenunua juzi."

"Sikusema zile za mtaa wa pili."

Akaenda. Foleni ilikuwa ndefu, watu wa kazini, wanafunzi, madereva. Walipomwona wakaanza kusukumana viwiko. Zamu yake ikafika. Shawki, mvi zimemjaa, alikuwa anageuza bajia kwenye mafuta.

"Nani anafuata?"

"Kapteni Wagdi," watu wakasema.

"Nani anafuata baada yake?"

Akahudumiwa wa nyuma, na wa nyuma yake, hadi foleni ikaisha na Wagdi amesimama palepale. Akarudi nyumbani mikono mitupu. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu watu waliokuwa hawana njaa walikuja kutazama. Dereva mmoja akapiga kelele, "Kapteni, leta penalti!" Siku ya nne Wagdi hakusubiri kuulizwa.

"Nilipaswa kukwambia mwenyewe," akasema, kwa sauti ya kusikika na wote. "Si kwa karatasi. Nilikuogopa."

Kijiko cha matundu kikasimama hewani, kinachuruzika.

"Miaka tisa," Shawki akasema.

"Tisa na mwezi."

"Ungeniambia ningekataa."

"Najua."

"Ningekutukana wewe na goti lako."

"Najua."

"Lakini ningekaa benchi, Sindano." Akakiweka kijiko chini. "Ningekaa. Ningekuvumilia nikakaa, nikampigia makofi huyo Refaat."

Hakuna aliyecheka foleni nzima. Shawki akajifuta uso kwa mkono wa kanzu, akalaumu moshi, akachukua mkate.

"Ngapi?"

"Tano."

"Na saladi?"

"Weka."

"Mbaya sana zile za mtaa wa pili, eh?"

"Sumu," Wagdi akasema, na hapo ndipo watu wakaangua kicheko.

Taufiki walipomrudia baada ya miaka miwili, daraja la tatu, uwanja umeota magugu, aliwapa sharti moja: washambuliaji watafundishwa na Shawki. Walifanya kazi pamoja miaka kumi na mitatu. Mmoja alinyamaza na mwingine alitukana, na wachezaji walisema ni kama kulelewa na baba na mama. Walipanda mara mbili, wakashuka mara moja. Kombe hawakuchukua. Waliwatoa vijana sita waliokwenda klabu kubwa za Kairo, na kila aliyeitwa huko, Wagdi alimfungia mkoba kwa mikono yake, akamwambia aende asigeuke nyuma, kisha siku mbili Sabah hakufungua redio.

Alipostaafu mwaka elfu mbili na sita, aliandaliwa sherehe na kipaza sauti. Wagdi alisimama mbele yake, akafungua kinywa, kikakataa. Shawki akamnyang'anya. "Huyu hata maneno anayakanyaga kwanza," akawaambia watu. "Mkimsubiri tutalala hapa." Baadaye wawili hao walikwenda Bandari Taufiki wakala samaki wa kuchoma ukingoni mwa mfereji, meli zinapita kimya, kubwa kama mitaa.

"Kesho utafanya nini?" Shawki akauliza.

"Sijui."

"Njoo dukani unikatie vitunguu."

Alikwenda kweli. Alikata vitunguu siku tatu, polepole, kila kipande sawa na mwenzake, na foleni ikafika msikitini. Siku ya nne Shawki akamfukuza kazi. Wagdi akavua aproni, akaenda uwanjani, akamwomba kocha mpya, kijana mwenye kompyuta kwapani, mpira wa kumwagilia maji. Kijana akaona aibu, akasema, "Kapteni, kuna mtu wa kazi hiyo."

"Mwambie apumzike," Wagdi akasema, na kabla ya kufungua bomba akamtafuta yule mtu mwenyewe, wakauzunguka uwanja kwa miguu, akamweleza.

Sasa kila alasiri, jua likishalegea, utamkuta pale, suruali ameikunja hadi magotini, goti moja limenenepa kuliko lingine. Anaanza upande wa bahari. Hana haraka. Wachezaji wakifika wanakuta nyasi zimelowa sawasawa, kila mahali, na mzee ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, anawatazama wakifunga kamba za njumu.